Dansi ya Hisia ya Ujerumani: Yanayodhaniwa na Yanayoonekana Kwenye Filamu

Wengi hudhani kwamba dansi ya hisia iliyochipuka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa na kanuni, na kwamba mchezaji alipanda jukwaani akauacha mwili umpeleke ulikotaka. Dhana hiyo haisimami mbele ya kipande kifupi cha filamu, kilichopigwa karibu na mwaka 1930, kinachomwonyesha Mary Wigman, mchezaji na mtunzi wa dansi wa Ujerumani, akicheza "Dansi ya Mchawi", aliyoitunga mwaka 1914 na kuitunga upya mwaka 1926. Ameketi sakafuni, kinyago usoni, mikono imeyashika magoti. Nyayo zinapiga chini kwa mapigo makali, kisha anatulia ghafla, na utulivu huo unatisha kuliko vishindo vyenyewe. Hakuna hata kidole kinachocheza kwa bahati. Ukali wa hisia unatokana na nidhamu.

Dhana ya pili humpa mtunzi wa dansi Pina Bausch sifa ya kuuanzisha mchanganyiko wa dansi na maigizo. Bausch, aliyezaliwa Solingen mwaka 1940, alikuwa mwanafunzi wa Kurt Jooss, naye mtunzi wa dansi, katika shule ya Folkwang mjini Essen. Jooss ndiye aliyeshinda tuzo mjini Paris mwaka 1932 kwa dansi yake "Meza ya Kijani", ambamo mabwana waliovaa vinyago wanabishana kuizunguka meza hadi bastola zinapolia, na Mauti yanaingia kuvuna. Mwaka uliofuata aliikimbia Ujerumani, kwa kuwa alikataa kuwafukuza wenzake Wayahudi. Kwa hiyo Bausch alipokabidhiwa kundi la dansi la mji wa Wuppertal mwaka 1973 alikuwa na urithi mkononi, ingawa aliupeleka mahali ambapo mwalimu wake hakuwahi kufika.

Wapo pia wanaosema waanzilishi hawa wote waliupinga utawala wa Hitler. La hasha: Wigman alishiriki katika tamasha la Olimpiki ya Berlin mwaka 1936.

Filamu ya mwongozaji Wim Wenders ya mwaka 2011, iitwayo kwa jina la Pina, huchukuliwa kuwa wasifu wa Bausch. Anayeitazama kwa matumaini ya kupata habari za utoto wake atatoka mikono mitupu. Wenders na Bausch waliipanga pamoja, lakini Bausch alifariki Juni 2009 kabla filamu haijaanza kupigwa. Kilichobaki ni wachezaji wake: wanaikabili kamera midomo imefumba, huku sauti zao zikisikika zikimzungumzia, kisha wanacheza, pengine barabarani chini ya treni inayoning'inia ya Wuppertal.

Iliyobaki ni dhana kwamba kazi za Bausch ni za Wazungu peke yao. "Ibada ya Majira ya Kuchipua", aliyoitunga mwaka 1975, huchezwa juu ya udongo mweusi unaoganda kwenye jasho. Mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika waliifanyia mazoezi Senegal. Onyesho la Dakar likafutwa kwa sababu ya korona, nao wakaicheza ufukweni jua likizama, mbele ya kamera, mchanga ukishika nafasi ya udongo.