Unyumbufu tendaji ni nini?

Kuna mwanajimnastiki anayepiga msamba sakafuni kana kwamba anakaa kitini, lakini akiruka akiwa juu ya boriti, ule ubao mwembamba wa jimnastiki, miguu inafunguka nusu tu. Kocha anamwambia aongeze kunyoosha misuli. Mara nyingi, kwa maoni yangu, hapo anatibiwa ugonjwa usio wake.

Sakafuni uzito wa mwili ndio unaomshusha. Hewani hakuna cha kumsukuma: misuli ya mbele ya nyonga iupandishe mguu wa mbele, ya makalio iurushe wa nyuma, mpaka zitimie nyuzi 180, na yote hayo kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kiasi ambacho kiungo hufunguka kwa kusukumwa au kuvutwa ni unyumbufu tuli. Kile unachokifikia kwa nguvu ya misuli yako mwenyewe ndicho unyumbufu tendaji.

Pima mwenyewe. Lala chali, pandisha mguu mmoja ukiwa umenyooka, bila kuushika, na uangalie ulipokomea. Sasa ushike kwa mikono uuvute taratibu. Umesogea tena, sivyo? Nafasi hiyo iliyoongezeka ni sehemu ambayo kiungo chako kinafika lakini misuli yako haina mamlaka nayo. Ikiwa kubwa, si miruko tu inayoharibika. Kiungo kikitupwa huko kwa kasi, hakuna wa kukizuia.

Dawa yake ni nguvu, tena nguvu palepale mwisho wa mnyooko. Kaa chini, miguu imenyooka mbele, viganja sakafuni karibu na magoti, kisha inua visigino kidogo tu, mara 10. Linaonekana zoezi la watoto mpaka mapaja yaanze kukakamaa. (Ukiegemea nyuma limekuwa rahisi, lakini umejidanganya.)

Wapo wanaohofia kwamba mazoezi ya nguvu yatawakaza viungo. Misuli inayofanyishwa kazi katika urefu wake wote haipotezi unyumbufu, na huweza hata kuuongeza.

Suala la wakati nalo lina uzito wake. Kushikilia mnyooko mmoja kwa zaidi ya dakika moja kabla tu ya kuruka hupunguza nguvu ya misuli kwa muda. Kwa hiyo mwanzoni mwa mazoezi pasha mwili joto na kubembeza miguu, na ule msamba wa kukaa muda mrefu uuache mwishoni.