Sumaku ya upepo wa jua ikielekea kusini: kinachotokea nchani, na mpima viwanja wa Dodoma anahusikaje

Wapima ardhi wanaopima viwanja huku Nala na Ihumwa wananiulizaga swali moja, mwalimu mbona GPS asubuhi inafiksi ndani ya sekunde chache tu, ila ukichelewa saiti mpaka jua linazama unasimama na rova (kile kipokezi cha GPS cha kubeba) juu ya bikoni dakika kumi nzima inagoma, na juu hakuna hata wingu. Wengi wanahisi betri au mtandao wa simu. Inawezekana, lakini mara nyingi shida iko juu zaidi, kwenye ayonosfia, lile eneo la anga kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu ambako mwanga wa jua unang'oa elektroni kwenye hewa, na mawimbi ya satelaiti za GPS lazima yapite humo. Hiyo ya jioni ni tabia ya anga letu la tropiki, ipo hata siku tulivu. Ila kuna siku inaharibika kupita kawaida, na hapo chanzo chake kipo mbali sana, kwenye ncha za dunia.

Upepo wa jua sio kama huu wetu wa mwezi wa saba unaotujaza vumbi mpaka kwenye sahani. Ni protoni na elektroni zinazotoka kwenye jua muda wote, kwa mwendo wa kama kilomita 400 kwa sekunde, siku nyingine hata 800, na ni mwembamba mno, ukichukua ujazo wa kokoto ndogo utakuta chembe kama 5 tu. Eugene Parker wa Marekani alipoueleza kwa hesabu mwaka 1958 wenzake wengi walimbishia. Sasa huo upepo unaburuta sumaku ya jua, na kwa kuwa jua lenyewe linazunguka, mistari ya sumaku inajipinda kama maji ya springla ya bustanini. Ukifika huku sumaku hiyo ni dhaifu sana, kama nanotesla 5 hivi (nanotesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), wakati ya dunia hapa Dodoma ni zaidi ya 30,000.

Sasa kitu kidhaifu hivyo kinatikisaje anga? Hapa ndio nataka tuelewane vizuri maana watu wengi wanadhani ishu ni nguvu ya upepo. Darasani huwa nachukua sumaku mbili za mche, nazilaza ubavu kwa ubavu. Kaskazini zote zikitazama upande mmoja zinasukumana, vidole vinausikia kabisa ule ubishi. Igeuze moja tu, zinarukiana pwaa, kuzibandua ni kazi. Upande wa dunia unaotazama jua, uga wetu wa sumaku unaelekea kaskazini. Sumaku ya upepo ikija nayo inaelekea kaskazini, upepo unapita pembeni na hauingii sana. Ikielekea kusini (namaanisha sumaku yake, sio upepo wenyewe kubadili njia), mistari inakatika na kuungana na ya dunia, na nguvu inapata njia ya kushuka mpaka nchani. Hilo wazo alilileta Mwingereza James Dungey mwaka 1961 na mpaka leo ndio tunalolitumia.

Huko nchani ndio kuna mambo. Weka maji kwenye beseni, sukuma katikati kwa kiganja kwenda mbele, utaona maji yanarudi kwa pembeni zote mbili na kufanya mizunguko miwili. Ayonosfia ya nchani inafanya hivyo hivyo, gesi yenye umeme inasukumwa kutoka upande wa mchana, inakatiza juu ya ncha kwenda upande wa usiku, halafu inarudi kwa pembeni, na siku za dhoruba inaweza kupita kilomita moja kwa sekunde. Kwa hiyo kwenye tabaka la F, kilomita 200 na zaidi, unakuta mabonge ya elektroni yenye upana wa mamia ya kilomita yamebebwa kutoka kwenye mwanga mpaka kwenye giza la miezi kule, mahali ambapo jua halijawaka kabisa. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanatetemeka. Chini yake, kwenye tabaka la E kama kilomita 100 hivi, elektroni zinazomwagika kutoka juu zinagonga oksijeni na ndio ule mwanga wa kijani mnaouona kwenye picha za Norway. Chembe zenye nguvu zaidi zinashuka hadi tabaka la D, hapo redio ya masafa mafupi inamezwa, na ndege zinazokatiza ncha ya kaskazini zinaitegemea sana redio hiyo.

Sumaku ikiinamia mashariki au magharibi nayo ina kazi yake, ile mizunguko miwili inapinda, mmoja unanenepa mwingine unakuwa kama mwezi mwandamo, na ncha ya kusini inapinda kinyume na ya kaskazini. Mimi hiki huwa kinanishangaza mpaka leo.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, majira ya saa 2 usiku kwa saa zetu, wingu la jua, yaani bonge la gesi yenye umeme lililorushwa na jua, lilitufikia likiwa na sumaku kali inayoelekea kusini, mwanga wa nchani ukaonekana mpaka Mexico, na wakulima Marekani wakasimamisha trekta zinazoongozwa na GPS katikati ya msimu wa kupanda. Wingu kama hilo tunaliona likitoka kwenye jua siku mbili tatu kabla, ila sumaku yake imeelekea wapi hatujui kwa uhakika mpaka lipite kwenye vyombo kama ACE na DSCOVR, vilivyoko kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea jua. Hapo inabaki saa moja, au nusu saa upepo ukiwa mkali.

Na Dodoma? Msukumo wa umeme unaoingia nchani unafika mpaka ikweta ndani ya dakika chache. Ikweta ya sumaku (mstari ambapo sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi) kwa Afrika Mashariki inapita Ethiopia, hapo umeme unapandisha elektroni juu, halafu zinamwagikia kaskazini na kusini kama nyuzi 15 kila upande, na sisi tuko karibu kabisa na pale zinapolundikana upande wa kusini. Kwa hiyo nchani kukivurugika, lundo letu linahama, linavimba au linapungua, na rova yako inalisoma kama umbali usio wa kweli. Kabla hujapakia tripodi angalia mtandaoni namba inayoandikwa Bz, ndiyo inayoonyesha sumaku ya upepo wa jua inaelekea kaskazini (chanya) au kusini (hasi) kwa nanotesla ngapi, ikiwa hasi 10 au chini zaidi na imekaa hivyo kwa saa kadhaa, zile bikoni ulizopima siku hiyo rudi ukazipime tena asubuhi nyingine anga likitulia, kabla ramani haijaenda kwenye hati ya mtu.