Nani huwabadilisha wakubwa wa Kaunti ya Los Angeles? Dhana potofu na ukweli

Bodi ya Wasimamizi ya Kaunti ya Los Angeles, huko California, ina watu watano. Watano hao wanahudumia wakazi takriban milioni 10, na bajeti iliyo mikononi mwao inazidi dola bilioni 40 kwa mwaka. Hospitali za umma, ustawi wa watoto, afya ya akili, misaada kwa wasio na makao, vyote vinapita mezani pao. Haishangazi kwamba wenyeji waliwabandika jina la "wafalme wadogo watano".

Ukiipitia harakaharaka orodha ya waliowahi kukalia viti hivyo, utadhani ni historia ya wapiga kura waliochoka na viongozi na kuwatimua. Mimi naona ni historia ya ramani na kalenda zaidi kuliko ya hasira. Tuanze na dhana inayowapata hasa wasomaji wa Kenya.

Dhana: Kaunti lazima iwe na gavana, au basi meya ndiye bosi

Tangu 2013 Mkenya akisikia "kaunti" anamfikiria gavana upande mmoja na bunge la kaunti upande wa pili. Los Angeles hakuna mgawanyo huo. Wasimamizi watano ndio wanaotunga sheria ndogo za kaunti, na ndio hao hao wanaosimamia utekelezaji wake. Uenyekiti huzunguka kila mwaka, kwa hiyo mwenyekiti si mkubwa wa wenzake. Sherifu, mwendesha mashtaka mkuu na mthamini wa mali huchaguliwa kivyao.

Meya unayemwona kwenye taarifa za habari ni wa Jiji la Los Angeles, na jiji hilo ni moja tu kati ya 88 yaliyo ndani ya kaunti. Zaidi ya watu milioni moja wanaishi katika maeneo yasiyo ya jiji lolote. Hao hawana meya wala diwani wa jiji, na msimamizi wao wa kaunti ndiye kila kitu.

Dhana: Msimamizi akiboronga, wapiga kura humbwaga

Kisheria wanaweza. Ila mara ya mwisho msimamizi aliye madarakani kushindwa katika uchaguzi ilikuwa 1980. Mwaka huo walianguka wawili: Baxter Ward alishindwa na Mike Antonovich, na Yvonne Brathwaite Burke akashindwa na Deane Dana. Tangu hapo, waliotoka walistaafu au walifikishwa ukomoni na sheria.

Kaunti imegawanywa kanda tano, kila moja na msimamizi wake. Chukua kanda ya pili, inayobeba sehemu kubwa ya kusini mwa Los Angeles. Kenneth Hahn aliingia 1952 akakaa miaka 40. Mwaka 1987 alipatwa na kiharusi, na 1988 akachaguliwa tena. Alipoondoka 1992 alifuatwa na Burke, ambaye safari hii aligombea kwenye kanda tofauti na ile aliyoshindwa, kisha Mark Ridley-Thomas kuanzia 2008, kisha Holly Mitchell aliyechaguliwa 2020. Watu wanne katika miaka zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja kati ya watatu wa mwanzo aliyetolewa kwa kura.

Kwingine ni hivyo hivyo. Kanda ya tatu ilikuwa ya Ed Edelman kwa miaka 20, halafu ya Zev Yaroslavsky kwa miaka 20 mingine. Kanda ya nne ilitoka kwa Dana ikaenda kwa Don Knabe, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa ofisi ya Dana mwenyewe.

Dhana: Gloria Molina alichaguliwa kwa sababu tu Walatino walikuwa wameongezeka

Molina ni Mlatino aliyeingia bodini 1991, na hii ndiyo dhana inayohitaji kufumuliwa polepole, maana nusu yake ni kweli. Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa wameongezeka kweli: kufikia sensa ya 1980 walikuwa zaidi ya robo ya wakazi wa kaunti. Lakini baada ya uchaguzi wa 1980, kwa muongo mzima bodi ilikuwa ya wanaume watano Wazungu. Hapakuwa na Mlatino aliyeketi humo tangu 1875. Wingi wa watu haukugeuka viti, na sababu ilikuwa ramani.

Enzi hizo wasimamizi ndio waliochora mipaka ya kanda zao wenyewe. Mpishi akiachiwa ajipakulie, hutegemei sufuria ibaki na nyama. Katika ramani ya 1981 mitaa ya Walatino ilikatwa vipande vipande vikatawanywa kwenye kanda mbalimbali, hivi kwamba hakuna kanda hata moja walikokuwa na nguvu ya kuamua matokeo.

Kesi ikaenda mahakamani, nayo inajulikana kama Garza dhidi ya Kaunti ya Los Angeles. Mwaka 1990 Jaji David Kenyon aliamua dhidi ya kaunti, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Kilichonivutia katika uamuzi huo ni hoja kuhusu nia. Mahakama ilikubali kwamba wasimamizi walisukumwa hasa na hamu ya kulinda viti vyao. Lakini ikasema kwamba walipoamua kuwagawa Walatino kwa makusudi ili viti hivyo vilindwe, huo ni ubaguzi wa makusudi vilevile. Hata usipomchukia jirani, ukimpokonya haki yake ukijua unachofanya, una hatia.

Mwezi huohuo wa uamuzi wa Kenyon, Juni 1990, duru ya kwanza ya uchaguzi wa kanda ya kwanza ilifanyika kwa mipaka ya zamani. Sarah Flores, Mlatino pia, ndiye aliyeongoza. Matokeo hayo yakawekwa kando, ramani ikachorwa upya, na uchaguzi ukaanza tena Januari 1991. Februari, Molina akamshinda seneta wa jimbo Art Torres katika duru ya pili. Kwa kiti kimoja hicho, wingi wa bodi ukahama kutoka kwa Warepublican kwenda kwa Wademokrati, ingawa kwenye karatasi ya kura chama hakiandikwi.

Dhana: Molina ndiye mwanamke wa kwanza katika bodi

Ndiye wa kwanza *kuchaguliwa*. Burke alimtangulia mwaka 1979, akiwa pia msimamizi wa kwanza mweusi, lakini aliteuliwa na Gavana Jerry Brown kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Ndiyo maana alikuwa madarakani ule mwaka wa 1980 aliposhindwa. Uteuzi wa gavana ni mlango mwingine wanaousahau wengi. Pete Schabarum naye aliingia hivyo 1972, kwa mkono wa Ronald Reagan, gavana wa wakati huo, na hakutoka mpaka 1991.

Dhana: Bodi ya wanawake watupu ilitokana na sheria ya usawa wa kijinsia

Novemba 2020 Mitchell aliposhinda, viti vyote vitano vilikuwa vya wanawake: yeye, Hilda Solis, Sheila Kuehl, Janice Hahn na Kathryn Barger. Mkenya anaweza kudhani kuna kanuni kama ile ya theluthi mbili, inayofanya mabunge ya kaunti zetu yaongezewe wawakilishi wa kuteuliwa. Los Angeles haina viti maalumu. Kila mmoja wao aligombea na kushinda.

Kilichofungua nafasi ni kura ya maoni ya 2002 iliyoweka ukomo wa vipindi vitatu mfululizo vya miaka minne minne. Sheria hiyo haikurudi nyuma. Waliokuwapo walianza kuhesabiwa upya, ndiyo maana Antonovich, aliyeshinda 1980, aliweza kubaki hadi 2016. Miaka 36! Halafu saa ikalia kwa wote karibu kwa pamoja. Molina na Yaroslavsky walitoka 2014, Knabe na Antonovich 2016. Viti vinne kati ya vitano vikawa wazi ndani ya chaguzi mbili, bila mpinzani kuhitaji kumwangusha mtu, na vyote vinne vikaenda kwa wanawake.

Tukiwa hapo: Janice ni binti wa Kenneth Hahn, na kaka yake James aliwahi kuwa meya wa jiji. Jina lilimsaidia bila shaka, lakini kiti chake si kile cha baba. Baba alikuwa kanda ya pili, yeye yuko ya nne.

Kuna kejeli kidogo katika habari hii ya ukomo. Schabarum, huyo aliyekaa karibu miongo miwili, ndiye aliyeongoza kampeni ya 1990 ya kuwawekea ukomo wabunge wa jimbo la California.

Dhana: Wote watano huchaguliwa siku moja

La. Kanda ya kwanza na ya tatu hupiga kura mwaka wa uchaguzi wa gavana wa California, na zile nyingine tatu mwaka wa uchaguzi wa rais wa Marekani. Bodi haiwezi kufagiliwa yote kwa mkupuo mmoja.

Dhana: Idadi ya watano ilipangwa kwa ukubwa wa kaunti

Bodi ya kwanza, ya 1852, ilikuwa na watu watano pia. Sensa ya miaka miwili kabla ilikuwa imehesabu watu 3,530 katika kaunti nzima. Leo kila msimamizi mmoja ana wakazi takriban milioni mbili, na idadi ya viti haijabadilika. Mapendekezo ya kuiongeza yalikataliwa na wapiga kura mara kadhaa, yakiwemo ya 1992 na 2000. Kwa upande wa ramani, tangu 2021 mipaka huchorwa na tume huru ya raia 14, na wasimamizi hawaigusi tena.

Novemba 2024 hatimaye pendekezo liitwalo Measure G, lililoletwa na wasimamizi Lindsey Horvath na Janice Hahn, lilipita kwa tofauti ndogo. Wengine tayari wanazungumza kana kwamba bodi imeshakuwa ya watu tisa. Bado: viti tisa vinatarajiwa kufikia 2032, na kabla yake, 2028, kaunti imchague mtendaji mkuu kwa kura, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hapo ndipo itaanza kufanana kidogo na kaunti ya Kenya.

Utekelezaji wenyewe umeanza kwa mkwaruzo. Katikati ya 2025 iligundulika kwamba maandishi ya Measure G yangefuta bila kukusudia Measure J, kipengele cha 2020 kilichotenga sehemu ya mapato ya kaunti kwa huduma za jamii na njia mbadala za kifungo. Walioipigia kura hawakuambiwa hivyo.

Kwa wanaotaka kujua nani anafuata kutoka, ukomo wa vipindi umeshajibu: Solis 2026, Hahn na Barger 2028.