Makohozi Hayatoki kwa Kipigo

"Ongeza nguvu, bado hayajatoka." Maneno haya nimeyasikia kwa wagonjwa na ndugu zao miaka yote niliyofanya fiziotherapia ya kifua, yaani tiba ya kumsaidia mgonjwa kutoa makohozi, na wiki hii yamenifika shingoni. Kijana mmoja alimleta mama yake, mwenye bronkiektasisi ya muda mrefu (njia za hewa zilizotanuka na kuharibika), akanieleza kwa fahari kwamba kila jioni humfanyia "mazoezi ya kifua" bila kukosa. Nilipoinua blauzi ya mama nikakuta mgongo una alama nyekundu za vidole, mbili zimeshavilia damu. Mama huyu anatumia vidonge vya steroidi kwa miaka, na steroidi hudhoofisha mifupa. Ubavu wake ungeweza kuvunjika mikononi mwa mwanawe anayempenda. Nikamuuliza mama kama makohozi hutoka. Akatikisa kichwa, akasema polepole, "Dokta, jioni ikifika naogopa."

Hakuna dhana inayoniudhi kama hii, kwamba makohozi hutolewa kwa kumpiga mgonjwa mgongoni, kwa hiyo nitakaa nayo.

Watu huona makohozi kama vumbi kwenye mkeka: ukung'ute kwa nguvu, litadondoka. Kohozi ni ute mzito unaonata kwenye ukuta wa njia ya hewa. Kinacholitoa hapo ni hewa ya kutoka, inayopita kwa kasi na kulikokota kuelekea juu. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kuna hewa nyuma ya kohozi. Kama haipo, utapiga mgongo mpaka mkono ufe ganzi na kohozi litabaki pale pale.

Hewa hufikishwa huko kwa pumzi ndefu ya taratibu, mbavu za chini zikitanuka, kisha unaishikilia kama sekunde 3 kabla ya kuiachia bila kuisukuma. Hizo sekunde 3 wengi huziruka, nami huwarudisha kila mara. Vifuko vya hewa vina vitundu vidogo vinavyoviunganisha na vifuko jirani, na vijia vya hewa navyo vina njia za pembeni. Ukiishikilia pumzi, hewa hupata muda wa kupenya huko na kuingia nyuma ya sehemu iliyoziba.

Baada ya pumzi 3 au 4 za namna hiyo, pumzika kwa kupumua kawaida, mabega yamelegea. Halafu ndiyo inakuja kazi yenyewe, ile tunayoiita "hah". Fungua kinywa, acha koo wazi, kisha toa pumzi kwa nguvu ya misuli ya tumbo, kama unayetaka kukitia kioo ukungu ili ukifute. Ukisikia sauti ya kukwaruza kooni, umelibana koo, anza tena. Makohozi yakiwa chini, kwenye njia ndogo, vuta pumzi ya wastani tu na uitoe kwa hah ndefu mpaka mapafu yakaribie kupungukiwa hewa. Yakishapanda, vuta pumzi kubwa na utoe hah fupi, kali.

Urefu huo una sababu yake. Unapotoa pumzi kwa nguvu, kuna mahali ambapo mgandamizo wa nje ya njia ya hewa hulingana na ule wa ndani. Kuanzia hapo kuelekea kinywani njia hubanwa, na hewa hupita kwa kasi zaidi. Kadiri mapafu yanavyopungua hewa, mahali hapo husogea ndani zaidi. Hah ndefu huyafikia makohozi ambayo kikohozi cha kawaida huyaruka juu juu, wakati mgonjwa anayekohoa mfululizo mpaka macho yanatoka huzibana njia zake dhaifu zikalala kabisa, akabaki amechoka na kohozi liko ndani.

Wala haya si mambo ya juzi. Njia hii ya kutoa pumzi kwa nguvu ilielezwa New Zealand mwaka 1968, na wataalamu wa hospitali ya Brompton, London, wakaiendeleza mwishoni mwa miaka ya 1970. Huko Ubelgiji, Jean Chevaillier alijenga mbinu nzima ya kusafisha mapafu kwa kubadilisha kina na kasi ya pumzi, bila kumgonga mgonjwa. Inaniuma kuona kwamba kwa watu wengi, na hata kwa baadhi ya wenzangu, fiziotherapia ya kifua bado ni kipigo.

Sisemi kugonga hakuna kazi. Huwasaidia wasioweza kufuata maelekezo au waliodhoofika mno, pamoja na baadhi ya watoto wenye makohozi mengi. Lakini kugonga kwenyewe kuna adabu yake: kiganja kimekunjwa kama kikombe, kifundo cha mkono kimelegea, na kitambaa kimefunika ngozi. Sauti iwe nzito na yenye uwazi ndani. Ukisikia kofi, umekosea. Hupigi uti wa mgongo, figo, tumbo wala matiti. Mgonjwa akikunja uso, simama. Mwenye mifupa dhaifu, ubavu uliovunjika, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zilizopungua sana au anayekohoa damu hapigwi kabisa.

Siku ile nilimketisha mama kwenye kiti, mkono wake juu ya tumbo alisikie linavyofanya kazi. Hah ya kwanza ilikuwa ya koo. Ya pili ilikuwa fupi mno. Mzunguko wa pili nikasikia mkoromo chini ya bega la kulia, nikamwambia mwanawe aweke kiganja hapo bila kukandamiza. Aliusikia mtetemo, akanitazama. Hah mbili baadaye mama akabanja mara moja tu, na kohozi la kijani likatoka, kiasi cha kijiko. "Bila kupigwa?" kijana akauliza. Ndiyo, mwanangu, bila kupigwa.

Dhana potofu zilizobaki nitazipitia kwa haraka, ila ile ya watoto wachanga.

"Kichwa chini, miguu juu, yashuke yenyewe." Mapafu si chupa. La kulia lina sehemu kuu 3, la kushoto 2, na kila sehemu ina njia zake zinazoelekea upande wake. Sehemu za juu kabisa humwagika vizuri mtu akiwa ameketi, kwa hiyo ukimpindua unazirudisha nyuma. Mkao huo pia hupandisha vitu vya tumboni, huongeza shinikizo kichwani na humnyima pumzi mwenye moyo dhaifu. Mara nyingi kulala ubavu kunatosha, upande wenye makohozi ukiwa juu.

"Mtoto ana kifua, mgongeni." Mzazi huyu simlaumu, amekesha akisikia filimbi kifuani mwa mwanawe. Lakini mtoto wa miezi 6 mwenye bronkiolaitisi ana njia ndogo zilizovimba kwa virusi, na uvimbe hautoki kwa kugongwa. Tafiti zimerudiwa, na kugonga hakukupunguza siku za kulazwa wala ukali wa ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014 unakataza kuwafanyia fiziotherapia ya kifua watoto hawa. Mtoto hulia, huchoka, hutapika, na nguvu aliyohitaji kunyonya inaishia hapo. Mnyonyeshe kidogo kidogo, msafishe pua, umwangalie anavyopumua. Mbavu zikizama ndani kila pumzi, akiguna, au midomo ikibadilika rangi, kimbilia hospitali. Nawasihi wenzangu pia: mzazi akiomba agongewe mtoto, tumweleze kwa nini hatutafanya hivyo, hata kama kumgonga ndiyo njia rahisi ya kumridhisha.

"Nina nimonia, kwa hiyo nahitaji fiziotherapia." Si lazima. Nimonia ya kawaida kwa mtu mwenye nguvu za kukohoa inatibiwa kwa dawa, na kuinuka kitandani mapema kutakufaa kuliko mikono yangu. Niite makohozi yakiwa mengi na yakikushinda kuyatoa.

"Ukimeza kohozi linarudi mapafuni." Linakwenda tumboni na kusagwa huko, watoto humeza kila siku. Kulitema kunafaa kwa sababu tunaona rangi na wingi wake, na mwenye kifua kikuu alitemee kwenye chombo chenye mfuniko. Maziwa nayo hayatengenezi makohozi. Huyafanya mate yawe mazito kooni kwa muda, basi.

"Nimepata nafuu, nimeacha." Hili ni kosa kubwa kwa mwenye bronkiektasisi. Njia zake zimetanuka na vinyweleo vinavyosogeza ute vimeharibika, kwa hiyo ute utatuama hata siku anazojisikia mzima, na bakteria watakaa humo. Afanye kila siku, kama anavyopiga mswaki.

Mpangilio wa dawa pia huvurugwa. Dawa ya kupanua njia za hewa hutangulia. Maji ya chumvi ya nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), kama umeandikiwa, huja kabla ya mazoezi au katikati yake, na antibayotiki ya kuvuta hungoja mpaka kifua kiwe kimesafishwa, la sivyo itapakwa juu ya makohozi. Na usifanye haya tumbo likiwa limejaa.

La mwisho ni la wale wanaojitesa saa nzima wakidhani lazima kifua kikauke kabisa. Dakika 10 hadi 30 kwa kawaida zinatosha. Hah ikitoka kavu, bila mkoromo, mizunguko 2 mfululizo, kikao kimekwisha. Ukichoka kabla ya hapo, acha na urudi jioni. Ukiona damu, acha siku hiyo. Ikiwa zaidi ya michirizi, nenda hospitali muda huo huo.