Hamira, artemisia na papa: ninavyoipa alama kampuni ya bayoteknolojia

Kazi yangu ni kupima athari za kampuni kwa watu na mazingira, na zinazonichukulia muda kuliko zote ni za bayoteknolojia. Kiwanda cha saruji vumbi lake unaliona. Kampuni inayokuza hamira ndani ya matangi ya chuma, kwa nje huonekana safi, na fomu za kawaida huipa alama nzuri mapema mno. Mimi huanza na swali jingine: bidhaa hii mpya inachukua nafasi ya nini, na hicho kilikuwa kinamlisha nani?

Chukua Amyris ya California, iliyoanzishwa mwaka 2003. Waanzilishi wake walitoka maabara ya mwanasayansi Jay Keasling, Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliingiza jeni za mmea wa artemisia kwenye hamira, hamira ikatoa asidi inayogeuzwa kuwa artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria. Utafiti uligharimiwa na ruzuku ya dola milioni 42.6 kutoka Wakfu wa Gates. Amyris iliwapa Sanofi, kampuni ya dawa ya Ufaransa, teknolojia hiyo bila kudai mrabaha, na mwaka 2013 uzalishaji mkubwa ukaanza Garessio, Italia. Hapo naipa alama zote. Kuacha mrabaha kwa dawa ya maskini, tena kwa mkataba, ni jambo linalothibitika.

Tatizo liko shambani. Artemisia, chanzo cha kawaida cha artemisinini, hulimwa China na Vietnam, na kwetu ililimwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mmea unahitaji miezi mingi kabla ya kuvunwa, kwa hiyo bei ya leo humdanganya mkulima. Mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000. Watu wakapanda kwa wingi, na ilipofika 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200. Mwaka uliofuata nani angepanda tena?

Sanofi walikusudia kutengeneza tani 50 hadi 60 kwa mwaka, kama theluthi ya mahitaji ya dunia. Waliotetea mpango walisema bei itatulia. Wapinzani walisema wakulima watafukuzwa sokoni. Yote mawili hayakutokea. Artemisinini ya shambani ilishuka chini ya dola 250 kwa sababu ilizidi sokoni, ilhali ya Garessio iliuzwa kati ya dola 350 na 400. Sanofi wakakiuza kiwanda. Kwa hiyo siongezi alama kwa utulivu ulioahidiwa, wala sipunguzi kwa madhara yaliyohofiwa. Ila mpango wa aina hiyo ukiletwa mezani kwangu bila mstari wa bajeti kwa mkulima anayeondolewa, alama ya jamii haivuki nusu, hata dawa iwe nzuri vipi.

Papa nao wana hesabu yao. Kwa hamira na miwa ya Brazili, Amyris ilitengeneza skwaleni, mafuta ya vipodozi ambayo zamani yalitolewa kwenye maini ya papa wa kina kirefu. Matangazo huhesabu kila tani kama papa waliookolewa. Mimi sikubali, kwa sababu skwaleni nyingine hutoka kwenye zeituni. Mnunuzi aliyeacha ya zeituni hajaokoa papa hata mmoja. Naomba kujua kila mteja mkubwa alinunua wapi kabla, kisha napunguza alama kwa ardhi na maji yaliyotumiwa na miwa.

Mwaka 2023 Amyris iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Wapo wanaosema madeni ni suala la wawekezaji tu. Sikubaliani nao. Kampuni ikiyumba, wafanyakazi hupoteza ajira, wasambazaji hawalipwi, na mnunuzi wa skwaleni huenda akarudi kwa muuzaji wake wa zamani. Ndiyo maana katika fomu yangu uwezo wa kudumu hauna ukurasa wake; ukiwa mdogo, unapunguza alama ndani ya kila faida iliyodaiwa.