Kuvunjika nyonga: mfupa gani hasa, na kwa nini kitanda ndicho cha kuogopwa

Bibi kateleza chooni usiku. Hanyanyuki, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Watu wa nyumbani watasema kavunjika nyonga, na daktari naye atasema hivyo hivyo, ingawa kilichokatika kwa kawaida ni mfupa wa paja, kule juu kwenye shingo inayobeba kichwa chake. Damu inayolisha kichwa hicho hupitia hapo shingoni. Shingo ikiachana, kichwa huweza kufa, ndiyo maana wazee wengi hutiwa cha chuma. Mfupa ukivunjika chini zaidi, hufungwa kwa vyuma na kuachwa uunge.

Mfupa wenyewe si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni kulala. Mzee akilala chali siku nyingi hupata nimonia, maambukizi ya mkojo, vidonda vya makalioni na visiginoni, na damu kuganda miguuni. Kwa hiyo upasuaji hutakiwa ufanywe mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili (kwa anayevushwa kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja, saa hizo hazikawii kwisha), na kesho yake mgonjwa asimamishwe. Wanawe huona ni ukatili: "Mwacheni bibi apumzike." Huruma hiyo ndiyo inayomlaza.

Usiku wa pili au wa tatu anaweza kuanza kuweweseka. Anamwita marehemu mumewe, anavuta mpira wa mkojo, asubuhi yuko sawa, magharibi yanarudi. Kabla ya kusema ana shetani, mwambieni muuguzi: huenda ni maumivu, dawa, upungufu wa maji, maambukizi au choo kilichofunga. Mpeni miwani yake, na akae karibu mtu ambaye sauti yake anaijua.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, asichuliwe hata kwa mafuta ya nazi. Damu iliyoganda ikichomoka hukimbilia mapafuni. Akikosa pumzi ghafla, ni hospitali saa ile ile.

Nyumbani, aliyetiwa kichwa cha chuma mara nyingi huambiwa asikae chini sana wiki za mwanzo, maana kinaweza kuchomoka. Choo cha kuchuchumaa hakimfai, swala ni juu ya kiti, na mbuzi ya nazi ndiyo kabisa. Nazi atakuna mkwe. Bibi akae kwenye kiti kirefu, amsimamie.