Gari la wazi au la paa gumu? Hapa Tanga anza na mahali litakapolala

Mtu akija gereji kwangu Ngamiani akaniambia anataka kuagiza gari la spoti kutoka Japani, na moyo wake umegawanyika kati ya lile la wazi na lile la paa gumu, simuulizi kwanza anapenda injini gani. Namuuliza gari litalala wapi. Akinijibu kwamba litalala nje, chini ya mwarobaini, namshauri palepale achukue la paa gumu. Akiniambia ana banda lenye bati na sakafu kavu, hapo tunavuta viti tuzungumze.

Kazi yangu ni bodi. Magari haya huletwa kwangu yakiwa yameshaonja pwani, na kinachoyaleta mara nyingi ni maji. Kwa hiyo niruhusuni nianze na maji, na nikae hapo kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Wengi hudhani paa la turubai la gari la wazi huzuia mvua kama bati la nyumba. Halikuundwa hivyo. Kwenye gari la paa la kukunja, maji yanayoteremka juu ya turubai hupokelewa na mfereji wa raba uliofichwa nyuma ya siti. Kutoka hapo huingia kwenye mabomba membamba, kushoto na kulia, yanayopita ndani ya bodi na kutokea chini ya gari. Yaani mhandisi alijua tangu mwanzo kwamba maji yatapita ndani ya bodi, akayachongea njia ya kutokea. Njia ikiwa safi, gari hukaa miaka mingi bila shida. Ikiziba, maji hubaki humo humo na chuma.

Chukua Mazda MX-5, gari la wazi linaloletwa sana kutoka Japani, ambako linaitwa Roadster. Lilianza kuuzwa mwaka 1989. Matundu yake ya maji yako nyuma ya siti, karibu na nguzo za mikanda. Jani la mwarobaini lina upana wa kutosha kukaa pale na wembamba wa kutosha kuingia. Yakikusanyika machache, yakashikana na vumbi, bomba limekwisha kazi. Mvua za masika zikija, maji hufurika hadi kwenye zulia au hujikusanya ndani ya ule ubavu wa chini wa bodi, chini ya mlango. Chuma huanza kuoza kwa ndani, na dalili ya kwanza kwa nje ni vipele vya rangi mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ukiviona, usimwambie fundi apake puti na rangi juu. Puti itapendeza miezi michache, na kutu itaendelea kula huku wewe huioni. Panapaswa kukatwa, kuwekwa bati jipya na kuchomelewa, kisha dawa ya kuzuia kutu ipulizwe ndani.

BMW Z4 ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2008 yenye paa la turubai, ina ugonjwa wake. Mota ya pampu ya haidroli inayofungua paa imewekwa kwenye kishimo cha nyuma, mahali pale pale maji yanapojikusanya bomba likiziba. Mota inazama, paa linagoma, na kuifikia ni kazi kubwa.

Kabla ya kulipia gari la aina hii ambalo tayari liko nchini, fanya jambo moja. Fungua paa nusu, chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye tundu la kushoto halafu la kulia, kisha chungulia chini. Maji yatoke mara moja, pande zote mbili. Yakichelewa, inua zulia nyuma ya siti uweke mkono. Zulia bichi au harufu ya uvundo itakueleza mengi kuliko mwenye gari. Na ukishalinunua, zibua matundu kwa kipande cha mpira mwembamba au plastiki laini. Waya mgumu hutoboa bomba, nalo likitoboka maji yanaingia moja kwa moja ndani ya bodi.

Juu ya haya yote weka chumvi. Tanga upepo wa bahari hautulii, na anayekaa Raskazone anajua jinsi hata bawaba za dirisha zinavyoliwa. Paa la kukunja limejaa bawaba, vyuma vya kujikunja, ndoano za kufungia na waya, vyote viko mahali pasipofutwa na kitambaa. Gari la paa gumu nalo linaoza, nisiseme uongo, lakini lina sehemu chache zaidi za kuozea, na karibu zote unaziona.

Nije kwenye mwendo, maana vijana wanauliza sana. Watu huamini gari la wazi ni jepesi kwa kuwa limepunguziwa paa. Mara nyingi ni kinyume. Paa la chuma likiunganishwa na nguzo zake ndilo linalozuia bodi isijisokote gari linapopita kwenye shimo kwa tairi moja. Ukilikata, lazima uongeze chuma sehemu nyingine: ubavuni, sakafuni, kwenye nguzo za kioo cha mbele. Ukijumlisha na mota za paa, uzito unapanda. Nissan Fairlady Z ya mwaka 2002, inayojulikana nje ya Japani kama 350Z, ina toleo la wazi ambalo ni zito kuliko la paa gumu kwa karibu kilo 100. Injini ile ile, lakini inabeba zaidi, na bado bodi haifikii ugumu wa lile lenye paa. Porsche Boxster na Cayman ni mfano mwingine. Ni gari moja kwa sehemu kubwa, Boxster wazi na Cayman lenye paa, na anayelipeleka kasi kwenye kona huhisi Cayman limetulia zaidi mikononi.

Lakini yapo yaliyofikiriwa kuwa ya wazi tangu mstari wa kwanza wa mchoro, na hayo ni habari nyingine. MX-5 ya kwanza ilikuwa chini ya kilo 1,000, na ina mhimili unaofunga giaboksi na difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za nyuma) kuwa kitu kimoja. Honda S2000, iliyotengenezwa 1999 hadi 2009, ilipewa chesisi maalumu iliyoimarishwa katikati kwa sababu Honda walijua halitakuwa na paa la kulisaidia. Haya hayakukatwa paa baadaye. Ukitaka gari la wazi kwa ajili ya kuendesha kwa raha na si kwa kuonekana tu, tafuta la ukoo huu.

Kwenye barabara zetu za matuta unaweza kupima ugumu wa bodi bila mashine. Pandisha tairi moja la mbele juu ya ukingo wa barabara, acha gari likae hivyo, kisha fungua na funga milango yote miwili. Mlango ukikwama, ukagusa, au ukahitaji kubamizwa, bodi imechoka au imewahi kugongwa. Gari la wazi lililo zima linafungua milango vizuri hata likiwa limekaa upande.

Aina ya tatu ni lile lenye paa la chuma linalojikunja lenyewe na kuzama kwenye buti. Wateja wangu wengi hudhani ndilo jibu la yote. Wazo ni la zamani: Mfaransa Georges Paulin, ambaye alikuwa daktari wa meno, alilibuni, na Peugeot wakalitoa kwenye gari mwaka 1934. Ford walijaribu Marekani kati ya 1957 na 1959. Mercedes SLK ya 1996 ndiyo iliyolirudisha kwa nguvu, na baada yake zikaja Toyota Soarer ya 2001, Daihatsu Copen ya 2002 yenye injini ndogo ya cc 660, na BMW Z4 ya 2009. Ni mashine za kupendeza, nami hulipenda sana Copen. Hata hivyo simshauri mtu wa Tanga anunue paa la namna hii likiwa limezeeka.

Sababu yangu ni matengenezo. Paa hilo lina pampu, mabomba ya mafuta, mota, kufuli na sensa, na kompyuta inayohakikisha kila sensa imejibu kabla ya hatua inayofuata. Sensa moja iliyoshikwa na kutu inatosha kuliacha paa limesimama katikati, halifungi halifungui, na wewe uko barabarani Pongwe wingu linakuja. Kuipata sensa hiyo hapa mjini ni shida, utaagiza na kungoja. Paa la turubai likichanika, wapo mafundi wa siti wenye cherehani nzito wanaoweza kushona kiraka kikakaa. Na paa likifunguliwa, buti la mengi ya magari haya humezwa lote, huwezi kuweka hata begi la safari ya Korogwe. MX-5 ya 2006 yenye paa la namna hii ndiyo niliyoiona imefanywa kwa busara: linajikunja kwa sekunde 12, halili nafasi ya buti, na lilizidisha uzito kwa kilo kama 37 tu. Ukilazimika, nenda na hilo.

Raha yenyewe je? Ipo, tena kubwa, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nalichukia gari la wazi. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto asubuhi, kupitia Soni, paa limefunguliwa, ule ubaridi wa milima unakupiga usoni na kila kona unaisikia injini ikirudi kutoka kwenye mwamba. Gari lenye paa haliwezi kukupa hilo. Ila uwe mkweli kuhusu saa na miezi. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri linakaa juu ya utosi kabisa. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni utalifunga paa na kuwasha kiyoyozi kama kila mtu. Masika, Machi hadi Mei, utalifunga. Vuli utalifungua kwa mashaka. Wakati wake hasa ni miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, asubuhi na jioni.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Gari likipinduka, paa gumu linalinda zaidi. Magari ya wazi mazuri yana nguzo za kioo zilizoimarishwa na vyuma vya kukinga vichwa nyuma ya siti, na Mercedes SL ya 1989 ilikuwa na chuma kinachochomoza chenyewe gari likianza kupinduka. Hakikisha hivyo vyuma havijatolewa. Na usiache simu wala begi ndani ya gari la turubai, wembe tu unatosha.

Kwa pesa, paa halibadilishi kodi. Umri na ukubwa wa injini ndivyo vinavyobadilisha. Gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa uchakavu, na injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda. Magari mengi niliyoyataja yamepita umri huo, kwa hiyo piga hesabu ya kodi kabla ya kupenda picha.

Kwa mwenye banda ambaye hawezi kuliacha gari la wazi, ushauri wangu ni MX-5 ya paa la turubai inayokuja na paa gumu la kuvuliwa. Kiwanda kilitengeneza mapaa hayo, na baadhi ya magari ya mnadani Japani yanakuja nalo. Unalivalisha kabla ya masika, linakaa juu ya turubai lililokunjwa, gari linakuwa kimya na kavu. Juni mnalivua, watu wawili, kila mmoja upande wake. Dada mmoja aliniuliza, "Fundi, sasa nikilivua nalihifadhi wapi?" Swali zuri. Ning'iniza kwenye dari la banda kwa mikanda mipana, au lisimamishe ukutani juu ya magodoro, usililaze kwenye sakafu ya saruji, raba za chini zitaharibika. Raba hizo zipake silikoni. Grisi na oili ya injini huzilainisha mpaka zinavimba na kukatika.

Turubai usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Lioshe kwa sabuni laini na brashi ya nywele laini, na vijana wa kuoshea magari waambie wasilete mashine ya presha karibu na mishono.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, na usome herufi zilizoandikwa kwenye mchoro wa gari: S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa. Gari la wazi lenye C chini ya milango, liache. Kisha mwambie muuzaji akutumie video, paa likifunguka na kufungwa mara mbili mfululizo bila kukatwa, ikifuatiwa na picha ya zulia likiwa limeinuliwa nyuma ya siti zote mbili. Muuzaji akikataa kuinua zulia, mtafute mwingine.